Jina Lisilokuwemo

Homa Bay, Alhamisi, Mei 1997

Mimi ndiye niliyeandika programu ya kompyuta ya kliniki hii.

Mwanzoni programu yangu ilikuwa inasimama kabisa ikitafuta jina kwenye orodha yake ya majibu ya vipimo vya kifua kikuu na kulikosa. Sista Perpetua, msimamizi wa kliniki, akachoka. "Laini ya wagonjwa imefika barabarani. Ifanye ijibu kitu tu." Basi nikaiambia, jina likikosekana, ijibu "hana ugonjwa". Wengi hawana, nikajiambia.

Leo mama mmoja wa Macalder amerudi na mwanawe anayekohoa damu. Mwezi uliopita tulimwambia mtoto ni mzima. Nimepekua karatasi za maabara na kumkuta mwanawe huyo kwa jina la Ouma, mgonjwa. Lakini siku ile mama alituuliza majibu ya Ogola.

"Baada ya kupimwa alikuwa anazidiwa," ameniambia taratibu. "Nyanya yake akaota marehemu babu Ogola anadai mtoto aitwe jina lake. Tukambadilisha jina, apone."

Nani hapa hajui desturi hiyo? Mimi mwenyewe nilibadilishwa jina nikiugua surua.

Jioni nimeliondoa lile jibu. Sasa jina likikosekana, kompyuta inasema hailijui. Sista amenuna, lakini hakubisha. Mtoto ameanza dawa.

Ila hao wengine. Programu haikuweka alama popote kuonyesha lini ilisoma jibu na lini ilibahatisha. "Hana ugonjwa" ya kweli na ile ya kukosa jina ni maandishi yale yale, na wote walioyapata walitushukuru wakaenda nyumbani.