Mchi wa Dadi Wavuka Malaba

Dadi, nyanya yangu,

Magoti yanaendeleaje? Mimi nimepumua! Hapa mpakani Malaba afisa wa forodha alishika mashine yangu ya muziki, akidai ni mpya, naenda kuiuza Kampala. Nikamwambia mimi ni prodyusa, hilo ndilo jembe langu.

"Basi lima tuone, boss."

Nikaiunganisha na spika ya mama wa chipsi, nikaweka ule wimbo wenye mchi wako ukitwanga masala jikoni. Madereva wa malori wakashuka kwenye foleni, wakacheza na vumbi lao. Afisa mwenyewe mabega yakamsaliti.

"Nani huyo anatwanga?"

"Nyanya yangu."

"Mwambie amevuka mpaka bila pasipoti."

Kesho Kampala itakucheza, Dadi. Wewe pumzisha mikono.

Mjukuu wako,
Kiran