Nimefanywa Mlezi wa Kikundi cha Wanaoacha Pombe, Nami Bado Nakunywa

Mshauri, mwanangu, nimeficha kwamba mimi ni mlevi. Nimewaficha hata walevi wenzangu, na hapo ndipo akili yangu inapogoma, maana mtu huwaficha wasiokunywa.

Nilikuwa mkaguzi wa shule mpaka nikastaafu, sasa ninaishi kwa binti yangu, na yeye kila asubuhi hunijazia chupa ya chai, nami akishatoka kwenda kazini chai naimwaga kwenye sinki na chupa naijaza kitu kingine, kisha nakunywa kwa kikombe na kisahani kama mtu mstaarabu, na mkwe wangu hunisifu, "Mzee kwa chai hajambo!" Daktari hakudanganyika. Alinibonyeza ubavuni akaniambia ini limekwisha, muda wangu ni mfupi, na kama nataka kuondoka na akili zangu nitafute kikundi cha watu wanaoacha pombe, wanakutana ghorofani juu ya duka la dawa.

Nikaenda. Ngazi nilizipanda kwa fimbo na kwa kupumzika, moyoni nikirudia sentensi moja tu, "Nakunywa, nisaidieni," na nilipofungua mlango watu wote wakasimama. "Shikamoo mzee!" Mwenyekiti wao, mama mwenye saluni, akanishika mkono. "Tulikuwa tunajiuliza leo nani atatupa nasaha, kumbe Mungu katuletea mzee mzima!"

"Mama, mimi nimekuja kwa ajili ya..."

"Tunajua, baba, kwa ajili yetu. Kaa hapa mbele, kiti hiki kina mto."

Nikaketi. Nikafungua kinywa niseme ile sentensi, ikatoka hotuba, ileile ya kufunga muhula, bidii na nidhamu, wakapiga makofi, na mwanamume mmoja mwenye bandeji vidoleni, fundi wa kukata vioo, akasema, "Mzee, ningelelewa na wewe nisingeonja hata tone." Wakanifanya mlezi. Tangu hapo kila mtu husimama kueleza wiki yake ilivyokwenda, na zamu ikifika kwangu mwenyekiti husema, "Mlezi tumruke," wanacheka, nami nacheka, narudi nyumbani kwenye chupa yangu.

Sasa nimechanganyikiwa kabisa. Je, mimi ni mwanachama au si mwanachama? Wapo walioacha, wanasema ni kwa maneno yangu, sasa nikisema ukweli si nitawabomoa? Au nitafute kikundi kingine nisikojulikana, ingawa mvi hizi nitazivua wapi, kila mlango nitakaofungua watasimama tu. Au ninyamaze nizikwe na heshima yangu? Wakati mwingine nikiwahutubia huwa naamini kabisa kwamba mimi nimeacha.

Lililonisukuma kuandika ni yule fundi wa vioo. Alikuja nyumbani alasiri moja, jasho linamtoka, akasema, "Mzee nizuie, miguu inanipeleka kilabuni yenyewe." Tukakaa, tukaongea, akaondoka. Hajaonekana kikundini tena, mkewe anasema amerudia kunywa, na mkutano uliopita mimi ndiye niliyeombwa kuongoza sala kwa ajili yake, nikaongoza, na sauti haikutetereka. Nimeandika "tukaongea". Hatukuongea. Alisikia harufu kikombeni, akanitazama, akasema, "Kumbe na wewe, mzee?" na sijui ilikuwa aibu au furaha ya kupata mwenzangu, sijui, mwanangu, ila nilichukua kikombe cha pili nikammiminia.

JIBU LA MSHAURI

Shikamoo, mzee wangu. Nimekuamkia kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, lakini naona maamkizi haya ndiyo yaliyokuponza, basi yaishie hapo.

Pole kwa ugonjwa. Pole pia kwa ile siku ya kwanza, maana ulikwenda kuomba msaada ukapewa mto wa kukalia. Kosa la siku ile mligawana wewe na wao. Yaliyofuata ni yako peke yako. Unauliza kama wewe ni mwanachama? Unakunywa, unataka kuacha, umepanda ngazi. Ulitaka nini zaidi, cheti? Na hiyo hofu ya kuwabomoa ni kisingizio. Walioacha wameacha kwa jasho lao, si kwa hotuba zako. Mficha maradhi, kifo humuumbua, tena wewe umefika mahali ambapo kifo kinaweza kuanza na mtu mwingine.

Usitafute kikundi kingine. Leo binti yako akirudi kazini mpe hiyo chupa mkononi, umwambie kilichomo. Atalia, atakufokea, mwache. Mwambie na daktari kwamba bado unakunywa, wala usikate ghafla bila yeye kukusimamia, kwani mwili uliozoea pombe miaka yote hiyo unaweza kukugeuka.

Kisha kuna fundi. Amemwona mlezi wake akinywa, na inaonekana hajamwambia mtu, la sivyo wasingekupa sala uiongoze. Amekutunzia heshima yako, mzee, na mzigo huo anaulewea. Mpigie simu mama wa saluni, mweleze yote, mwende pamoja. Mkimkuta amelewa, usimpe nasaha hata moja. Sema mbele ya mkewe kwamba kikombe ulikitoa wewe, umwombe radhi, umuulize kama atakubali mwende mkutanoni pamoja. Akikataa, nenda peke yako ukawaambie wanakikundi ile sentensi uliyopanda nayo ngazi.