Nyota Iliyobanduliwa

Shoga, hebu sikia ya leo. Unamkumbuka yule mwalimu mgeni wa darasa la pili, anayewabandikia watoto nyota za karatasi kifuani wakifanya vizuri?

Leo Bubu kasoma! Yule binti wanayemwita hivyo kwa kuwa muhula mzima hajafungua mdomo. Kasimama, kasoma mstari mzima. Mgeni machozi yakamlengalenga, akambandikia nyota.

Mara mwalimu mkuu huyo! "Mstari mmoja tu? Ndivyo mnavyowadekeza?" Akaibandua ile nyota. AKAIBANDUA, shoga, mbele ya darasa zima! Nilikuwa mlangoni nimefuata chaki, nimeona kwa macho yangu.

"Haya, soma tena uipate."

Mtoto kafungua mdomo, sauti haikutoka. Wenzake wakaangua kicheko. Mkuu naye anacheka!

Na mgeni wetu kaufyata, maana mkuu ndiye wa kumthibitisha kazini. Mkuu alipotoka, mgeni akapiga magoti ambandikie mtoto nyota nyingine. Mtoto akamshika mkono, akausukuma taratibu.

"Usiniwekee, mwalimu. Atarudi."

Sasa hivi mgeni wetu analia hapa ofisini. Anasema tangu muhula uanze, hayo ndiyo maneno ya kwanza mtoto yule kumwambia.