Chungu cha Shangazi Kwenye Video ya Kwaya

Jumatatu, 8 Julai 2024
Baridi kali. Maji kwenye beseni la nje yalikuwa na barafu juu. Nimefagia, nimechota maji, nimechelewa paredi. Jaribio la Uraia: uhuru wa kuabudu. Nimeandika vizuri.

Jioni kaka Festo alirudi kutoka kiwandani Mafinga, nywele zimejaa vumbi la mbao, akanipa simu. Video mpya ya kwaya yetu ya vijana. Nilifurahi. Mimi naimba alto, sikwenda kurekodi kwa sababu ya mtihani.

Wamerekodia kwenye msitu wetu wa matambiko. Wanacheza juu ya makaburi ya mababu. Wimbo unapofika kwenye minyororo kukatika, kijana mmoja ananyanyua chungu cha Shangazi na kukibamiza kwenye jiwe. Wenzake wanashangilia.

Chungu kile Shangazi, anayetulea mimi na Festo, hukiwekea ulanzi, pombe ya mianzi, na unga wa ulezi, anawataja wazee wetu kwa majina. Jumapili anashiriki meza ya Bwana kama kawaida. Hajawahi kuona tatizo. Mimi pia sikuwahi.

Shangazi ameitazama video mara moja. Akaenda kulala bila kula.

Jumatano, 10 Julai
Festo amejibu mtandaoni. Amerekodi video yake, ametukana kwaya, ametukana na meza ya Bwana. Maneno yenyewe siwezi kuyaandika hapa. Amebatizwa kanisa lile lile kama mimi.

Shuleni wananiita mjukuu wa mizimu. "Leo umetuletea ulanzi au unga mtupu?" Na wale waliosikia video ya Festo hawataki hata kukaa na mimi. Pande zote mbili ni za kwetu. Sijui nimkasirikie nani.

Alhamisi, 11 Julai
Polisi wamemchukua Festo kazini. Mbele ya watu wote. Mwenyekiti wa kwaya ndiye aliyelalamika.

Afande alimwambia Shangazi kwamba kutukana dini ni kosa, na mtandaoni ndiyo kabisa. Anaweza kufungwa. Kufungwa! Baba na mama wako Usangu kwenye mpunga. Nimewapigia, mama analia tu.

Shangazi akauliza, na waliovunja chungu je?

Afande akacheka. "Bibi, chungu nacho kina dini gani?"

Namchukia yule afande. Namkasirikia Festo pia. Nimeomba, sijui nimeomba nini.

Jumamosi, 13 Julai
Nilikwenda kwa mwalimu wa Uraia nyumbani kwake. Nilimuuliza moja kwa moja: uhuru wa kuabudu ni wa nani?

Alivaa koti, tukaenda kituoni pamoja na Shangazi. Mwenyekiti wa kwaya alikuwepo.

Mwalimu alimwomba afande asome sheria yote ya kutukana dini, siyo nusu. Afande akasoma kwenye simu. Haikutaja kanisa na msikiti tu. Inagusa pia kitu ambacho kundi lolote la watu linakihesabu kuwa kitakatifu, mtu akikiharibu kwa nia ya kuwatukana. Mwalimu akaongeza kwamba msitu wetu umo kwenye sheria ndogo za kijiji, umetengwa kwa ajili ya mila.

Nilishtuka kuliko siku zote. Sheria ile ile iliyomkamata Festo inaweza kumkamata yule kijana wa kwaya.

Afande akamuuliza Shangazi kama anataka kufungua malalamiko. Mwenyekiti akashika meza.

Shangazi alisema hapana. Anataka video ishushwe, na mwenyekiti aende msituni, avue viatu, aseme jina lake na la baba yake. Ndivyo mgeni anavyofanya pale. Wanakwaya hawakufanya.

"Mimi siabudu mizimu, mama," mwenyekiti akasema.

"Nani kakwambia uabudu? Ukifika kwa mtu huwa hubishi hodi?"

Mwenyekiti alitoka bila kuaga.

Jumanne, 16 Julai
Video ya kwaya haipo tena. Mwenyekiti ameondoa malalamiko. Festo ametoka kwa dhamana, ila afande anasema jalada lazima liende kwa wakili wa serikali. Hakuna anayejua ataamua nini.

Festo amekonda. Amefuta video yake. Hasemi kama anajuta. Amekula viazi vya watu wawili.

Jumapili, 21 Julai
Nimekwenda kanisani. Niliimba alto. Aliye jirani yangu alisogea kidogo, kisha akarudi.

Mchana nilikwenda msituni na Shangazi kuokota vigae vya chungu. Mwenyekiti alikuja peke yake, amevaa sare yake ya kwaya. Akasimama pembeni, akavua viatu, akavishika mkononi. Akasema jina lake na la baba yake. Hakuinamisha kichwa, na Shangazi hakumwambia ainamishe.

Mimi na Shangazi tukaendelea kuokota.

Baadaye Shangazi akamwambia avae viatu, ardhi ina baridi.