Dume la Sufu la Baba Mdogo

Nyamuswa, 9 Juni 2024

Mdogo wangu Jastin,

Habari za huko Australia? Sisi tunapumua. Mama anakula kidogo.

Hukuwepo kwenye mazishi ya baba, kwa hiyo nikuambie. Baba mdogo Magesa alimshika mama kichwa mbele ya waombolezaji akamnyoa kwa wembe, eti mjane lazima anyolewe. Mama alilia, “Shemeji niache, nimekataa.” Damu ikamtiririka mpaka shingoni. Wanaume walitazama tu.

Sasa Magesa anajivunia dume lake la kondoo wa sufu alilotoa Kenya. Analipeleka kwenye maonyesho ya wafugaji Bunda. Wewe si kazi yako kunyoa kondoo? Nifundishe.

Dada yako,
Pelagia

Dubbo, 16 Juni 2024

Shikamoo dada,

Huku baridi kali, ila mzima. Nilivyosoma, nilizima mashine ya kunyolea nikatoka nje.

Mkalishe kondoo kwa makalio, mgongo uegemee magoti yako, atatulia. Anza tumboni, uende ubavuni, mgongoni. Kaza ngozi kwa mkono, usivute sufu, utamkata. Ikitoka vizuri inakuwa kipande kimoja kama koti. Huku tunazifunga marobota, zinakwenda China na Italia kufumwa nguo.

Robert wa Buhare, ninayefanya naye kazi huku, anarudi likizo, nimempa makasi ya kunyolea akuletee. Dada, kondoo asitoke hata tone la damu. Magesa nakuachia wewe.

Mdogo wako,
Jastin

Nyamuswa, 4 Agosti 2024

Jastin mdogo wangu,

Pole na kazi. Imekwisha.

Siku ya maonyesho Magesa alikwenda kunywa chai na wageni, nikaingia bandani na makasi, nikaanza kunyoa. Watu wakajaa, wakadhani ni sehemu ya maonyesho, wakanipigia makofi! Akarudi amevaa suti, akakuta dume lake jeupe, limekonda kama mbuzi. Halina hata mchubuko.

“Umefanya nini?” akafoka.

“Baba mdogo, lazima anyolewe.”

Akainua fimbo. Watu wakamcheka mpaka akaishusha. Jastin, sijawahi kulala usingizi mtamu kama siku ile.

Sasa ameita ukoo Jumapili ijayo, anataka nimpigie magoti. Habari zimeenea. Jana Jeska amekuja, na Anastazia, na wajane wengine ambao sikuwajua. Kumbe nao walinyolewaga hivyo hivyo, wakanyamaza. Wanasema tutakwenda wote.

Nilitaka niongee mimi. Mama amekataa. Amesema ataanza yeye, na Magesa atasikiliza akiwa amesimama.

Dada yako,
Pelagia