Moja Iliyobaki Chini ya Rundo

Kwa jina la Mola, ajuaye idadi ya walio hai na ya waliolala.

Mdogo wangu mpenzi, amani na rehema zikufikie wewe na mwanao. Je, kifua chake kimepoa? Mimi ni mzima, ila magoti hayaachi kunikumbusha umri. Umeniuliza mara mbili kwa nini siji kwako, na mara mbili nimesingizia kazi. Leo nitakueleza kazi yenyewe.

Ofisini kwetu makaburini tuna mashine ya kuhesabu nafasi zilizobaki. Lugha yake hutanguliza namba, amri ikafuata. Namba hukaa kwa rundo, moja juu ya nyingine, kama sahani. Ukiandika mia nne, kisha tatu, kisha neno TOA, huokota zile mbili za juu na kuacha mia tatu tisini na saba. Jibu likishachapwa, rundo hutakiwa kubaki tupu.

Letu halibaki tupu. Chini kabisa hukaa moja. Hesabu zote hupita juu yake, nayo haiguswi. Fundi alipoiona alicheka, akaniuliza nimemsahau nani humo ndani. Akaifuta, akazima mashine, akaiwasha. Rundo likawa jeupe. Tukafunga mlango, tukaenda kuswali alasiri. Tuliporudi, moja ilikuwa imekaa mahali pake. Alijaribu mara tatu. Mara ya tatu hakucheka. Alikusanya bisibisi zake, akasema mashine haina ugonjwa, na kwamba yeye hatarudi.

Moja hiyo naijua, mdogo wangu. Miaka saba iliyopita hospitali ilituletea maiti asiye na jina, aliyeopolewa mtoni. Nilimwosha mimi. Shati lake lilikuwa na kiraka ulichokishona kwa uzi wa kijani. Alikuwa mumeo. Wewe ulikuwa na mimba ya miezi minane, na mkunga alionya usishtuliwe. Nikamswalia, nikamzika safu ya sita, karibu na ukuta. Nikaandika moja mashineni ili kupunguza nafasi yake, lakini kila TOA hudai jina la maiti daftarini, na mkono wangu ukakataa. Nilijiambia nitamaliza ukijifungua. Ukajifungua, nikaogopa.

Umewakatalia wachumba wote, ukisema mumeo yu njiani. Hayuko njiani. Eda yako ilikwisha zamani, nawe hukujua kuwa ulikuwa ndani yake. Njoo na mtoto. Kulitamka jina lake, ili niliandike daftarini, ni haki yako kwanza, si yangu. Na ukishindwa kunisamehe, niambie pale pale kaburini, naye asikie.

Mola aijaze nyumba yako nuru, amkuze mwanao katika afya, na akupe subira ambayo mimi sistahili kukuomba.

Kaka yako,
mwosha maiti na mtunza makaburi