Akina Henry Watatu na Jina la Mtoto Wetu

Mukuru kwa Reuben, Nairobi
Jumapili mchana

Kwako Mama Mutua,

Natumaini barua hii inakukuta umeketi, mtoto ameshanyonya na kulala, maana najua ukiisoma umesimama utaanza kunijibu kwa sauti mpaka majirani wasikie. Hujambo huko Kangundo? Umepata nguvu tangu ujifungue? Na Mutua wetu, bado anakula udongo? Mimi mwili mzima. Kichwa ndicho kimejaa, na waliokijaza ni Wazungu waliokufa zamani.

Barua yako niliipokea Alhamisi kwa mkono wa dereva wa lori la mchanga. Niliisoma pale pale kwenye geti la kiwanda, nikairudia, nikakasirika. Kwanza nilikukasirikia wewe, halafu nikamkasirikia baba yangu, na mwisho nikaona mwenye makosa ni mimi. Unasema baba yako hainuki kitandani tangu mvua zianze. Unasema alipoambiwa nimeandika kwamba mtoto asiitwe Mutua kama yeye, aligeukia ukutani na chai akaikataa. Na baba yangu naye anazunguka sokoni akisema mafahali wawili hawakai zizi moja, eti Mutua ni yeye, jina lake limeshakaa kwa mtoto wa kwanza, yatosha. Aii! Wazee wawili walipewa jina moja kabla mimi sijazaliwa, sasa lawama ni yangu?

Ngoja nikueleze ile barua niliiandika nikiwa katika hali gani. Unajua najiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne, nikipita niache kubeba madebe ya rangi niwe karani wa stoo. Wekesa wa reli, yule ninayekaa naye chumba kimoja, ndiye ananifundisha historia ya Ulaya kila Jumamosi. Sasa sikia. Wafalme wa kule wote ni Henry. Asiye Henry ni Louis, asiye Louis ni Charles. Uingereza peke yake ilikuwa na Henry wanane! Wanane, Mama Mutua, na huyo wa nane alioa wake sita, na katika hao sita, Catherine ni watatu. Kwani majina yaliisha? Watu wana meli, wana mizinga, wana makanisa ya mawe, jina jipya ndilo lililowashinda!

Lakini walionimaliza ni wa Ufaransa. Kulikuwa na vita vya akina Henry watatu: Henry mfalme, Henry wa Guise, na Henry wa Navarre. Mfalme akaamuru Henry wa Guise auawe. Muda si muda mfalme mwenyewe akachomwa kisu na mtawa. Akabaki Henry wa Navarre, akakalia kiti, akaitwa Henry wa Nne. Leo nayaandika kwa utaratibu, lakini siku Wekesa aliponipa majaribio nilimwua Henry wa Navarre kabla hajatawala, tena nikaandika aliyetuma wauaji ni yeye mwenyewe. Wekesa alicheka akashika ukuta. "Kioko, huyu umemtuma akajiue!" Akanipa sifuri. Jioni hiyo hiyo nikapata barua yako ya kuuliza jina la mtoto. Nikashika kalamu nikiwa bado nachemka: jina lolote la ukoo, lolote, lakini Mutua mwingine ndani ya nyumba yangu sitaki. Hasira za akina Henry nikammwagia baba yako. Basi ndivyo ilivyokuwa.

Jana Wekesa akinyoa ndevu mlangoni, nikamsomea yale uliyoandika. Akashusha wembe.

"Huyo baba mkwe wako yu hai?"

"Yu hai, ila anaumwa."

"Sisi kwetu hatungeweza," akasema. "Kwetu jina la babu humngoja babu afe kwanza." Kisha akanyooshea kitabu changu wembe wenye povu. "Kama hao wako. Hapo hakuna anayeitwa wa Pili mpaka wa Kwanza azikwe."

Nikakifunga kitabu. Mwaka mzima nimekariri namba zile na kuzitukana, na sikuwahi kufikiri kwamba kila namba ina kaburi nyuma yake. Kwetu sivyo. Kwetu mzee humpakata mtoto mwenye jina lake akiwa hai, akambariki, akamwangalia pua. Unakumbuka baba yangu siku alipompakata Mutua wetu? Alisema, "Nimezaliwa tena, na safari hii sina deni la mtu," akacheza ngoma peke yake uani. Baba yako hajawahi kupata siku kama hiyo. Alikuzaa wewe tu. Mwanao asipolibeba jina lake, litabebwa na nani? Na mimi mkwe wake, kwa sababu ya sifuri ya historia, nimemnyima. Naona haya, mke wangu, na nakuomba radhi.

Sasa mwambie baba yangu, kwa heshima lakini usipunguze neno, kwamba fahali mmoja ana miaka minne na anaogopa kuku, na wa pili hana hata jino. Zizi litawatosha. Akisema watu watawachanganya, mwambie Wazungu wenyewe namba ziliwachosha wakaanza kuangalia maumbile: kuna Louis Mnene, kuna Charles Kipara, na kuna Charles Mjinga, mfalme kabisa, na taji kichwani. Kijiji chetu hakijawahi kukosa jina la utani. Ila huyo wetu wa kwanza asiitwe Mjinga, hata akila udongo.

Mtihani ni Novemba. Nikimwua tena Henry asiyestahili, nitaendelea na madebe, sitakufa.

Nisalimie mama yangu, mwambie dawa yake ya mgongo naitafuta. Nisalimie dada yangu anayekuchotea maji. Jirani yetu mchonga vinyago mwambie patasi aliyoniagiza nimeipata. Mama yako mwambie nitakuja kumwangukia mwenyewe.

Ubatizo ni wiki mbili zijazo. Usiungoje. Ukimaliza kusoma hapa, mfunge mtoto mgongoni, vuka mto uende kwenu. Usiingie ndani. Najua hujawahi kumtaja baba yako kwa jina tangu uzaliwe, lakini leo nakupa ruhusa. Simama mlangoni uite, "Mutua!" Uite kwa nguvu, hata kama amegeukia ukutani. Mzee ataitika. Akishaitika, mwambie: "Si wewe, baba. Namwita mwanangu."

Ni mimi mumeo,
Kioko,
Baba Mutua, na Mutua.